Mwana wa Goma Katika Mji wa Roma

Ndugu zangu wa Goma wameniandikia mara nyingi wakiuliza: Roma ni mji wa namna gani? Je, ni kweli makanisa yake hayahesabiki? Mimi ni mwanafunzi tu. Nilifika hapa mwezi wa Oktoba 2025 ili kusoma, wala sijaijua hata robo ya mji huu. Lakini jicho la mgeni huona mambo ambayo mwenyeji amekwisha kuyazoea. Basi nitaeleza niliyoyaona katika miezi yangu ya kwanza.

Nilitoka Goma kwa miguu, nikavuka mpaka kuingia Gisenyi, nikapanda gari hadi Kigali. Kwa maana uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa tangu waasi wa M23 walipouingia mji mwezi wa Januari 2025. Mama alinisindikiza hadi kwenye kizuizi cha mpaka. Hakulia. Aliniambia neno moja tu: "Ukifika kwenye kaburi la Petro, utaje majina yetu yote, wala usimsahau hata mtoto wa mwisho." Kwa hiyo niliingia Roma nikiwa na orodha ya majina 14 ndani ya kitabu changu cha sala.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa Jubilei, na watu walikuwa wengi mno mbele ya Mlango Mtakatifu: Wapolandi wenye bendera, Wafilipino wenye gitaa, mabibi wazee wa Kiitaliano waliokuja kwa mabasi. Katikati ya uwanja imesimama nguzo ndefu ya jiwe jekundu. Nguzo hiyo ilitoka Misri, ikaletwa na kaisari Caligula yapata miaka elfu mbili iliyopita, na mwaka 1586 ikahamishwa na kusimikwa hapo ilipo leo. Hivyo Mwafrika wa kwanza niliyekutana naye uwanjani pale alikuwa jiwe. Ndani, mbele ya madhabahu iliyo juu ya kaburi la Mtume, niliyataja majina yote 14 kwa sauti ndogo. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja. Kanisa lenyewe, kusema kweli, lilinielemea. Lilijengwa kwa miaka 120, tangu 1506 hadi 1626, na mtu mmoja hawezi kulitazama kwa asubuhi moja.

Kilichonigusa zaidi ni kile ninachokikanyaga kila siku. Barabara za mji wa zamani zimetandikwa mawe meusi madogo ya mraba, ambayo Waroma huyaita sampietrini. Niliinama nikaligusa moja, nikalijua mara moja. Ni jiwe letu! Ni lava iliyopoa. Kusini-mashariki ya Roma iko milima ya Albani, ambayo zamani sana, kabla mji haujakuwapo, ilikuwa volkano kama Nyiragongo. Hata ile njia mashuhuri ya Appia, iliyoanzwa mwaka 312 kabla ya Kristo, inapita kilometa nyingi juu ya mto wa lava ulioganda. Na pale ulimi wa lava ulipokoma, limesimama kaburi kubwa la Cecilia Metella. Mtu wa Goma akifika hapo, hana haja ya kuelezwa mara mbili. Mtume Paulo aliingia Roma kwa njia hiyo akiwa mfungwa, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume.

Karibu na njia hiyo kuna makatakombe, yaani makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza. Nilishuka katika yale ya Mtakatifu Kalisto, walimozikwa Mapapa kadhaa wa karne ya tatu. Mwongozaji alituonyesha ukuta: ni majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa jiwe. Jiwe hilo ni laini wakati wa kuchimbwa, nalo huwa gumu likipata hewa. Ndiyo sababu wachimbaji waliweza kupenya kilometa nyingi kwa sururu tu. Na ukienda Panteoni, lile hekalu la wapagani lililogeuzwa mwaka 609 kuwa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi, utaona kuba lenye upana wa mita 43, lisilo na chuma hata kidogo ndani yake. Limemiminwa kwa chokaa na majivu ya volkano, nalo halijaanguka tangu siku za kaisari Hadriani.

Nilipokuwa nimesimama chini ya kuba hilo nilikumbuka kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani Kivu, ikaliteketeza kanisa hilo pamoja na maduka na maelfu ya nyumba. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Mama alikimbia nami hadi Gisenyi. Lakini usiku wa tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa mkubwa, nikaona mwenyewe jinsi anga lilivyokuwa jekundu. Tumezoea kuiita lava adui. Walakini nyumba ngapi za Goma zimesimama juu ya lava hiyo, na kuta ngapi zimejengwa kwa mawe yake? Waroma hawana siri nyingine. (Ila kwa chukudu, barabara hizi za sampietrini hazifai kabisa; magogo ya gurudumu yangepasuka kabla ya kufika sokoni.)

Siku za Dominika Wakongo wa Roma hukusanyika katika kanisa dogo karibu na uwanja wa Navona. Misa huadhimishwa kwa ibada ile ya nchi yetu iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, na watu hucheza mbele ya madhabahu kama nyumbani. Hapo Masista wa kwetu huwapokea wageni. Mmoja, mwenyeji wa Bukavu, aliniuliza: "Mwanangu, umekwisha kumwamkia mzee wetu?" Sikufahamu. Akanipeleka kwenye kanisa la Santa Maria Maggiore.

Mzee huyo ni sanamu ya marumaru nyeusi, kifua na kichwa, yenye vazi la kifahari, katika sehemu ya kanisa penye kisima cha ubatizo. Jina lake ni Antonio Manuel Ne Vunda. Alikuwa balozi wa Alvaro wa Pili, mfalme wa Kongo, ambaye alitaka kusema na Papa mwenyewe, pasipo kupita kwa Wareno. Balozi aliondoka kwao mwaka 1604. Maharamia walimnyang'anya mali baharini, wenzake wengi walikufa, naye akakawia sana Hispania. Alipofika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 alikuwa mgonjwa wa kufa. Papa Paulo wa Tano alimwendea hadi kitandani. Siku chache tu baada ya kufika akafariki, wakati wa sikukuu ya Epifania, akazikwa katika kanisa lile. Safari ya miaka karibu minne, na mazungumzo ya mlango wa mauti.

Tusidanganyane: ufalme wa Kongo ulikuwa mbali sana na Kivu, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo umo katika nchi ya Angola. Babu zangu hawakumjua mfalme huyo. Hata hivyo nilisimama mbele ya uso ule kwa muda mrefu, na Sista hakuniharakisha.

Katika kanisa hilo hilo, tangu tarehe 26 Aprili 2025, amelazwa Papa Fransisko. Kaburi lake ni la jiwe jeupe lisilo na mapambo, limeandikwa neno moja tu: FRANCISCUS. Wazazi wa Goma watakumbuka jinsi tulivyomngoja mwezi wa Julai 2022. Goti lilimzuia. Alipokuja Kongo mwishoni mwa Januari 2023, vita ikamzuia asifike kwetu, na watu wa Mashariki wakamwendea Kinshasa, wakamsimulia mateso yao. Basi balozi aliyefika amechelewa, na Papa aliyeshindwa kufika, wamelala chini ya paa moja. Niliitoa tena ile orodha ya majina 14, nikaisoma mara ya pili.

Mwisho nieleze habari za kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Liliungua mwezi wa Julai 1823, likabaki magofu. Zawadi za kulijenga upya zilitoka pande nyingi: kaisari wa Urusi alituma mawe ya kijani ya malakiti, na Muhammad Ali, mtawala Mwislamu wa Misri, alituma nguzo za alabasta. Mwaka 1854 likatabarukiwa tena.

Katika kanisa hilo, tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alitangazwa Mwenye Heri. Sherehe hiyo haikufanyika kwao, maana mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Wengi wenu mwajua habari zake. Alisoma sheria, alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani katika jumuiya ya Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa kupitisha vyakula vilivyooza, akakataa na fedha alizopewa ili afumbe macho. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Alikufa kwa sababu ya kazi yake, kwa ajili ya matumbo ya watu asiowajua, nami nimekula chakula cha mpaka ule tangu utoto wangu.

Katika kisiwa cha mto Tiber kuna kanisa la Mtakatifu Bartolomeo, ambamo Sant'Egidio huhifadhi kumbukumbu za mashahidi wa nyakati zetu. Sijafika bado. Nitakwenda Jumamosi pamoja na wanafunzi wenzangu wawili, mmoja Mhindi, mmoja wa Vietinamu. Wameomba niwasimulie habari za Floribert njiani, kwa Kiitaliano. Jana usiku niliketi na kamusi nikitafuta maneno: mpaka, mkaguzi, mchele, hongo. Neno la "kuoza" nimelipata katika namna tatu, na bado sijajua ipi hufaa kwa chakula.