Diski Inayosomeka Isiyoandikika

Diski ya nje inaweza kuwa nzima kabisa, ikaonekana kwenye kompyuta, ikafungua kila faili, na bado ikakataa kupokea hata herufi moja mpya. Jambo hilo lilinikuta nikiwa likizoni nyumbani Ruhwa, wilayani Rusizi, wiki mbili kabla ya kuwasilisha kazi yangu ya fasihi simulizi. Ninaliandika kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi kwa mashine za kuazima, na kwa sababu diski ile ilibeba kitu ambacho nisingekipata mara ya pili.

Ruhwa ni mpakani. Mto wenye jina hilo unatutenganisha na Burundi, na ng'ambo yake ni Cibitoke. Pana kituo cha huduma kwa pamoja, ambapo kabla ya mpaka kufungwa msafiri alikamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Ndugu zetu wako pande zote. Dada yake bibi yangu aliolewa upande wa pili, nami naye namwita Bibi. Mwaka 2023 nilikuwa nikivuka siku za Jumamosi kumrekodi: hadithi, vitendawili, nyimbo za harusi, na habari za wafanyabiashara waliokuja na Kiswahili chao katika bonde la Bugarama alipokuwa msichana. Januari 2024 Burundi ikafunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Kuanzia hapo tukawa watu wa simu. Kila tulipoongea niliisikia sauti yake ikizidi kufifia. Nyimbo alizoniimbia 2023 asingeweza kuziimba tena, hata kama mpaka ungefunguliwa kesho yake.

Rekodi hizo zilikuwa mahali pawili: kwenye kompyuta ya Windows ya mjomba, na kwenye diski ya nje aliyoinunua na kuifomati yeye mwenyewe. Kompyuta ilikufa. Ikabaki diski. Mtoto wa shangazi akaniazima Mac yake, nikaanza kusikiliza na kuandika maneno ya Bibi, sentensi baada ya sentensi. Nilipotaka kuhifadhi maandishi hayo kando ya sauti zenyewe, diski ilikataa. Sikuweza kutengeneza folda mpya, wala kubadilisha jina la faili. Nilipoburuta faili kuelekea kwenye diski, ilirudi ilikotoka.

Nilianza kuchuja sababu moja baada ya nyingine. Nilibadilisha waya, nikachomeka upande mwingine, nikazima na kuwasha. Hali ikawa ile ile. Nikachomeka flashi ya jirani. Mac ikaandika juu yake bila taabu. Basi Mac haikuwa na kasoro. Nikanakili wimbo mmoja kutoka kwenye diski kwenda kwenye Mac. Ukaja wote na ukacheza hadi mwisho. Basi diski nayo haikuonyesha ugonjwa. Ikiwa wawili wote ni wazima na hawaelewani, tatizo liko kwenye lugha wanayozungumza. Nikaichagua diski, nikabonyeza Command na I kusoma habari zake. Kwenye sehemu ya fomati paliandikwa NTFS, na chini kabisa, penye ruhusa, palielezwa kwamba naweza kusoma tu.

NTFS ni mpangilio wa Microsoft wa kuhifadhi faili, uliotoka pamoja na Windows NT mwaka 1993. Una jedwali kuu linaloorodhesha kila faili na mahali ilipo, pamoja na daftari la mabadiliko linalosaidia diski kujirekebisha umeme ukikatika katikati ya kazi. Anayesoma hahitaji kugusa chochote katika hivyo. Anayeandika lazima asahihishe jedwali na daftari kwa usahihi, la sivyo anaweza kuharibu hata faili zilizokuwamo tangu zamani. Apple imeipa Mac uwezo wa kusoma NTFS, lakini haikuipa ruhusa ya kawaida ya kuandika.

Nilikwenda Kamembe kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta. Aliitazama diski kidogo tu.

"Dada, hii tunaifomati upya, dakika mbili tumemaliza."

"Na sauti za Bibi yangu, kaka?"

"Si una nakala kwingine?"

Nilimshukuru, nikaichomoa diski. Ushauri wake ungefaa kwa diski tupu. Kwa yangu, dakika mbili hizo zingefuta miezi yote ya Jumamosi. Kufomati kwa mpangilio mwingine hakugeuzi faili ziwe za aina nyingine. Kunafuta orodha na kuanza ukurasa mpya.

Njia nyingine nilizipima moja moja. Kuna programu za kulipia, kama zile za Paragon na Tuxera, zinazoipa Mac uwezo wa kuandika kwenye NTFS. Zinafanya kazi, ila bei yake ni mzigo kwa mwanafunzi. Kuna njia ya bure ya macFUSE pamoja na NTFS-3G, lakini kwenye Mac za sasa huenda ukalazimika kulegeza ulinzi wa mashine, na sikutaka kulegeza ulinzi wa mashine ya mtu. Ningeweza pia kutafuta kompyuta ya Windows, lakini kazi ilikuwa ya kila siku, na kila siku nisingepanda basi hadi Kamembe.

Ikabaki kutumia mpangilio ambao pande zote mbili zinauelewa. FAT32 ni wa zamani na unakubalika karibu kila mahali, lakini haupokei faili moja inayofikia GB 4, na video yangu ya harusi ilipita hapo. exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006 na Mac ikaanza kuiandika mwaka 2010, haina kikwazo hicho. Udhaifu wake ni kwamba haina daftari la mabadiliko kama NTFS, hivyo ukiichomoa kabla ya kuiaga kompyuta unaweza kupoteza kazi.

Nilinakili rekodi zote kwenye Mac. Nikalinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda, kisha nikafungua faili kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Nikanunua flashi mpya, nikaifomati exFAT kwa Disk Utility, nikaweka humo nakala ya pili na maandishi yangu. Diski ya mjomba sikuigusa. Nilikuwa nimeuona ukaidi wake kama ugonjwa, lakini ulikuwa umenifaa: siku zote hizo, hata kidole changu kingeteleza, Mac isingeweza kufuta sauti hata moja. Sasa hiyo ndiyo nakala mama, nami huitumia kusikiliza tu.

Jioni ile Bibi alipiga simu.

"Mjukuu wangu, sauti yangu ingalipo?"

"Ipo, Bibi. Sasa iko mahali patatu."

"Na maneno unayaandika?"

Swali hilo la pili limenikaa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Wengi wetu tuliokulia upande huu wa Rusizi tunakisikia sokoni, tunakisoma, tunacheka kwa utani wake. Mwalimu akisema tuandike kurasa tano, kalamu zinakwama. Tunasoma tu. Hatuna ugonjwa wowote. Tulifomatiwa kwa lugha nyingine za shule, na hakuna programu ya kununua itakayotupa ruhusa. Ruhusa hiyo huja kwa kuandika sentensi mbovu, kuisahihisha, na kuandika nyingine.

Kwa mwenzangu atakayekutana na diski kama hiyo: soma kwanza habari za fomati kabla ya kulaumu waya, usikubali neno "fomati" kabla ya kuhesabu nakala zako, na ukimaliza kazi, iage diski kabla ya kuichomoa. Kurasa nilizoandika kutokana na sauti ya Bibi zimefika thelathini na moja, na bado sijagusa vitendawili.