Mna Jambo Zito? Nendeni Duluti

Wengi wetu hapa Arusha tukisema "mtoko" tunamaanisha nyama choma, ndizi za kuchoma na muziki wa kuziba masikio. Si vibaya. Ila kama mna jambo zito la kuongea, hapo hamtaliweza. Mtarudi nyumbani mmeshiba, na jambo lenu liko palepale.

Jambo letu sisi lilikuwa Mtwara. Mchumba wangu alipata kazi huko, mkataba wa miaka miwili. Mimi kazi yangu iko huku, na mahari ilishapokelewa. Kila tukianza kuliongelea, ama simu inalia, ama mmoja wetu ananuna. Nikamwambia, "Mpenzi, Jumamosi twende Duluti."

Akacheka. Tunaishi Olmotonyi, jirani na Chuo cha Misitu, sasa miti tukaifuate Tengeru? Lakini miti yetu mingi ni ya kupandwa: misindano asili yake Mexico, mikaratusi asili yake Australia, imesimama mistari kama paredi, inasubiri kuwa mbao. Duluti ni msitu wa asili, unasimamiwa na TFS, nao umelizunguka ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano. Ukishuka Tengeru, barabara ya Moshi, hauko mbali.

Njia ya miguu inafuata ukingo wa ziwa chini ya mikuyu na misesewe, na sehemu nyingi ni nyembamba. Mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Hamtazamani usoni, na hapo ndipo maneno yanapotoka. Kenge alikatiza mbele yetu, tukasimama. Bila kugeuka akasema, "Naogopa kukuacha. Ila naogopa zaidi kukuoa nikiwa sina kazi."

Nikamjibu kilichokuwa moyoni: "Siachi kazi yangu kukufuata. Lakini nitakusubiri."

Kimya. Furukombe akalia juu ya maji, tukaendelea kutembea.

Baadaye mwongoza wageni akatuambia hakuna mto unaoonekana ukiingia ziwani wala kutoka. Maji yake hutoka chini ya ardhi. Mchumba wangu akaniangalia, safari hii usoni kabisa, akasema, "Basi tuwaambie wazee." Tulikaa ukingoni tukapanga yote: harusi isogezwe, nauli tugawane, na yeye mwenyewe ndiye aende kwa baba yangu, asimtume mshenga.

Baba hakufurahi, lakini alisikiliza. Sasa ni mwezi wa saba mwenzangu yuko Mtwara. Kuna usiku nalia, sitaki kudanganya. Ila silii kwa kutojua tunakokwenda.

Kama na nyie mna Mtwara yenu, vaeni raba, bebeni maji, simu ziacheni kimya. Kisha mwache mwenzio atangulie, umsikilize.