Na Were Je?

Mwaka 2019, kocha Sébastien Migné alipotaja wachezaji 23 wa kwenda AFCON kule Misri, Jesse Were hakuwemo. Huku Chawia steji ya boda iliwaka. Mtu anawafungia Zesco mabao Zambia, halafu anaachwa? Mmoja akajaribu kutuambia labda hafai kwenye mfumo. Mfumo gani bana, na kazi ya straika ni kufunga?

Mzee mmoja akatuzima: "Wajukuu, tangu 2004 hatujafika huko. Si mshukuru tu?"

Mimi sikushukuru. Muhula huo jina langu lilikuwa limetolewa kwenye orodha ya mtihani chuoni, sababu karo. Ubaoni hapakuwa na maelezo, ni majina ya wengine tu, kwa mpangilio wa alfabeti. Ndiyo maana zogo la Were lilinigusa. Wale vijana wa boda walikuwa wanadai kitu kidogo sana: mtu aambiwe kwa nini.

Juni 27, Tanzania wakatutangulia mara mbili. Hapa kwetu mpaka uko karibu, nusu ya steji ina shemeji upande wa Moshi, kwa hivyo simu zilikuwa za matusi tupu. Omolo akafunga moja, Olunga mawili, 3-2. Nadhani kelele zilifika Mwatate. Were hakutajwa na mtu usiku huo.

Siku nne baadaye Senegal wakatupiga 3-0. Kabla pikipiki ya kwanza haijawashwa, mtu akauliza gizani: "Na Were je?"