Samaki Aliyerudishwa Mtoni



Sisi ni watoto wa mvuvi. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alivua kwa mshipi na madema kule Faza kwa muda wa miaka arobaini. Changu na tewa aliowaleta pwani ndio waliotulisha, wakatuvisha, wakatusomesha. Nyumbani kwetu samaki hakuwa kitu cha mchezo. Mtoto akionekana anamchezea samaki kabla hajaparwa, Mama alimkaripia: riziki haichezewi.

Kwa hivyo mshangao wetu ulikuwa mkubwa mwaka jana tulipokwenda na Mama kumzuru kaka yetu anayefanya kazi Vienna, nchini Austria. Tulimkuta amekuwa mvuvi wa namna ambayo hatujapata kuiona: humvua samaki, akamtazama, kisha akamrudisha majini.

Ni lazima tuseme jambo moja hapa, kwani bila hilo mengine hayatafahamika. Kaka hakuwahi kumzika Baba. Baba alifariki alfajiri na alasiri alikuwa keshazikwa, kama ilivyo ada yetu, na hakuna ndege ambayo ingemfikisha. Mama hakumlaumu kwa ulimi, lakini kwa miaka mitatu mazungumzo yao ya simu yalikuwa ni ya afya na mvua tu. Safari hii ilikuwa yetu sisi mabinti: tulitaka wakae pamoja.

Kaka aliomba likizo, akatupakia garini, tukaelekea kusini. Kituo cha kwanza kilikuwa mto Soča, nchini Slovenia, ambao wavuvi wa aina yake huufikia kutoka pembe zote za dunia. Mto huo unateremka kutoka milima ya Alps, na rangi yake ni ya zumaridi kabisa. Tulitia vidole majini tukavitoa upesi, kwani baridi yake ni ya theluji iliyoyeyuka. Samaki wanaotafutwa humo ni trauti, samaki wa maji baridi na safi. Hata kwetu Kenya wapo, katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambako Waingereza waliwapandikiza mwanzoni mwa karne ya 20.

Uvuvi wenyewe una ustadi wake. Chambo si kamba wala kipande cha ngisi. Ni nzi bandia aliyefungwa juu ya ndoana ndogo kwa nyuzi na manyoya ya ndege, mfano wa wadudu wanaoelea mtoni. Mshipi wa Baba ulikuwa na chubwi la risasi la kuuzamisha. Huku, chambo ni chepesi kama unyoya, na uzito umo katika uzi wenyewe, ambao mvuvi huurusha nyuma na mbele hewani hadi nzi atue juu ya maji taratibu, kama aliyejiangukia mwenyewe. Si jambo geni: Aelian, mwandishi wa zama za Warumi, alikwisha kueleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwa sufu nyekundu na manyoya yapata miaka 1800 iliyopita.

Kaka alikata kibali cha siku, akaingia mtoni hadi magotini. Baada ya saa nzima alinasa trauti mmoja wa urefu wa mkono. Alilowesha viganja kwanza, ili asimchubue utando wa ngozi, akamchomoa ndoana isiyo na mwiba wa nyuma, akamshika akiwa amekabili mkondo hadi alipopata nguvu. Samaki akaenda zake.

Mama, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na buibui lake limekusanywa magotini, akauliza, "Mwanangu, kama humtaki, unamwitia nini?"

Kaka hakuwa na jibu la haraka. Na swali hilo si la wazee wa Faza pekee. Sote tulifunzwa tangu chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kaka mwenyewe alikiri kuwa hata Ulaya watu hawajaafikiana. Nchini Uswisi sheria inakataza kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, na Ujerumani sheria ya wanyama inataka pawe na sababu ya maana ya kumtia kiumbe maumivu. Mama alifurahi mno kusikia kwamba Waswisi wako upande wake.

Lakini ilikuwapo hoja ya pili. Katika Soča yumo trauti wa marumaru, mwenye michoro kama ya jiwe hilo, anayeishi katika mito imwagayo maji katika bahari ya Adriatiki. Anaweza kupita urefu wa mita moja. Binadamu walipomwaga trauti wa aina nyingine katika mito hiyo, jamii mbili zilichanganyika hata wa asili akakaribia kutoweka. Wataalamu waliwakuta waliosalia bila kuchanganyika katika vijito vichache vya mlimani, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiwazalisha na kuwarudisha. Kaka alisema kumrudisha samaki wa namna hiyo ni amana. Mama akasema kumwacha bila kumchoma mdomo ni amana zaidi. Tukalala hivyo.

Njiani Kaka alitusimulia habari ya Georgina Ballantine wa Uskoti, ambaye mwaka 1922, akivua na baba yake katika mto Tay, alinasa samoni wa ratili 64, yaani kilo 29. Hakumnasa kwa nzi bandia, bali kwa chambo cha samaki mdogo. Hadi leo hakuna aliyemvua samoni mkubwa zaidi nchini Uingereza kwa fimbo. Samaki yule alipelekwa hospitali ya mji wa Perth, akaliwa na wagonjwa. "Huyo," alisema Mama, "ndiye mvuvi." Sisi tulinyamaza tukimkumbuka Baba, aliyekuwa akituchukua nyuma ya dau asubuhi za likizo.

Tukaingia Bosnia, nchi yenye Waislamu wengi, tukasikia adhana mabondeni, na Mama akaanza kutoa salamu kwa kila aliyepita. Karibu na mji wa Vitez upo mto mdogo uitwao Kruščica. Hatukwenda huko kuvua. Mwaka 2017 palikusudiwa kujengwa mabwawa mawili ya umeme katika mto huo, unaowapa watu maji ya kunywa. Wanawake wa kijiji walikaa juu ya daraja, usiku na mchana, ili mashine zisipite. Polisi waliwaondoa kwa nguvu, nao wakarudi. Walikaa siku 503, kiangazi na theluji, wakipokezana, hadi vibali vikafutwa. Mmoja wao, Maida Bilal, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2021. Mama alisimama juu ya daraja kwa muda mrefu akiyatazama maji. Akasema wanawake hawa hawakushika fimbo ya kuvulia, lakini kila samaki aliyemo humu wana sehemu yao kwake.

Kituo cha mwisho kilikuwa Blagaj, kusini mwa Mostar. Hapo mto Buna unatoka ndani ya pango chini ya jabali kubwa, na kando yake ipo zawiya ya kale ya masufi. Mikahawa ya ukingoni huuza trauti wa kukaanga. Tulipokuwa tukila, Kaka aliweka mkate chini.

"Mama," akasema, "siku ya msiba wa Baba sikuwa na pa kwenda. Matanga hayakuwapo, wala wa kunipa pole kwa lugha yetu. Mwenzangu wa kazini alinipeleka mtoni. Nikasimama majini mpaka jioni. Nikanasa samaki mmoja, nikashindwa kumuua. Siku ile sikuweza kuona kitu kingine kikifa."

Mama hakusema neno kwa kitambo. Kisha akammegea mwanawe kipande cha samaki, akakitoa miiba kwa vidole vyake kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akamwekea sahanini.

"Baba yako naye alikuwa akirudisha," alisema. "Kambakoche mwenye mayai hakumleta nyumbani. Wala changu mdogo. Hukuwa ukijua?"

Kaka hakujua, wala sisi. Miaka yote tulimwona Baba akija na samaki, hatukuwahi kuuliza ni wangapi aliowaacha baharini.

Ndugu wasomaji, hatukurudi na fatwa. Hilo tunawaachia wanazuoni. Tulichorudi nacho ni kauli ya Mama aliyoitoa garini: vua utakachokula, rudisha kilicho kidogo na kilicho na mayai, na usimwite kiumbe kwa ajili ya kumtazama tu. Kaka amelikubali hilo. Sasa anakata kibali mahali panaporuhusiwa kuchukua samaki, na akishapata kitoweo cha siku anakunja uzi wake.

Mwezi wa Shaaban uliopita alikuja Faza. Alikwenda kaburini, kisha akatoka na ami yetu katika dau. Alirudi na changu watatu. Mama aliwapaka nazi na ukwaju, tukala sote kwenye sinia moja. Ami alituambia pembeni kwamba wa nne alikuwa mdogo.