Pia Iliyolewa Angani

Kila aliyecheza pia utotoni anajua siri yake: ikizunguka kwa kasi haikubali kulazwa. Kwenye dashibodi ya ndege ndogo kama Cessna 172 mna pia za aina hiyo, ziitwazo jairoskopu. Mbili kwa kawaida huendeshwa na hewa inayofyonzwa na pampu ya injini: moja huonyesha upeo wa macho, nyingine mwelekeo. Ya tatu, ya kona, aghalabu hutumia umeme.

Mimi naandika programu, sirushi ndege, ila suala hili limenikaa kichwani. Katika mafunzo ya spini, ndege huachwa makusudi ipoteze mnyanyuko, bawa moja likitangulia, ikashuka pua chini huku ikizunguka mpaka mwanafunzi aitoe. Zoezi zuri, wala silipingi. Lakini pia ya upeo hubebwa na pete zenye kikomo. Katika vipimo vingi vya zamani kikomo ni digrii 60 hadi 70 za pua kuinuka au kuinama, na 100 hadi 110 za kulala ubavu. Ukipita hapo, pete hugonga vizuizi na pia “inalewa”: picha ya upeo inapinduka ovyo. Beringi nazo hupokea kipigo hicho, na zikianza kulika, usahihi unapotea taratibu. Ndiyo maana baadhi ya vipimo vina kitufe cha kuifunga pia kabla ya zoezi. Cha kona hustahimili zaidi, maana fremu yake hujipinda kidogo tu.

Sasa mtu aikodi ndege ileile kwenda upande wa Kutulo, kwenye njia ya Wajir na Mandera, siku ya vumbi, ardhi na mbingu rangi moja. Rubani huyu ndiye atakayelipa deni la spini za wengine, na kipimo hakitamwambia kitu. Fanksheni inayorudisha jibu bovu kimyakimya ni hatari kuliko inayokwama.

Je, chipu? MPU-6050 haina pia wala pete, ina vipande vinavyotetemeka. Lakini usipogusa mipangilio yake hupima mwisho digrii 250 kwa sekunde. Ukizidi hapo namba zinagota, na programu inayozijumlisha inapata mwelekeo wa uongo. Ipandishe hadi 2,000, ukubali kupoteza usahihi kwenye mizunguko ya polepole. Na tafadhali, ichezee mezani tu, usirushe nayo watu.