Kovu la Ukuta

Umeme unapoingia nyumbani hushangiliwa, na aghalabu shangwe hiyo huyafumba macho yasione kilichotendwa ukutani. Fundi wa umeme hushika tindo na nyundo, akachimba mfereji toka dari hata swichi, akalaza bomba la plastiki, akapitisha waya, akawasha taa, akapokea ujira wake, akaenda zake. Kuziba, husema, ni kazi ya mwashi. Naye mwashi aliyeijenga nyumba miaka mingi iliyopita hana habari. Hivyo kovu hukosa mwenyewe.

Katika Mkoa wa Kagera jambo hili limeenea tangu nguzo zilipofika vijijini kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Katika miradi yake mwanakijiji alitozwa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme, lakini fedha hiyo haikugusa nyaya za ndani, seuze lipu. Kulikuwa na njia nyingine, kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kisichodai ukuta uchimbwe. Mjane mmoja wa Muleba, mwalimu mstaafu, alikionea haya. Alitaka swichi zilizozama ukutani kama za nyumba za mjini.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi yaliyopakwa lipu ya saruji. Mifereji ilichimbwa, mingine wima kama ipasavyo, na mmoja kwa ulalo, toka dirisha hata mlango, ili waya uwe mfupi. Kijana wa jirani akaiziba kwa saruji kali juu ya vumbi kavu. Baada ya majuma mawili nyufa nyembamba zilizifuata kingo za viraka, huku na huku, na mjane akaacha kulala chumba kile. Asiyekuwako Kagera tarehe 10 Septemba 2016 anaweza kumcheka. Alasiri ile tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu, likabomoa nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani, na nyingine likaziacha zimesimama na nyufa. Tangu hapo kila mstari ukutani husomwa kama barua ya msiba.

Mwanawe aliyeishi Bukoba akamleta mwashi mzee wa huko. Mzee aligonga ukuta kwa fundo la kidole, akasikiliza.

"Mama, huu si ufa wa tetemeko. Ule hupanda kama ngazi ukifuata maungo ya matofali, au hutoka pembe ya dirisha ukaenda mshazari. Huu umefuata bomba."

"Basi nirudi kulala, baba?"

"Bado."

Mfereji wa ulalo ndio uliomtia shaka, maana hukata ukuta kama kisu kilichopita ubavuni. Alidai umeme uzimwe, fundi wake aitwe, na waya upite darini kisha ushuke wima. Ndipo alipovibomoa viraka vyote. Mabomba yaliyolegea aliyakaza, kwani bomba linalocheza halikubali lipu. Alifagia vumbi, akalowesha kingo, kwa kuwa tofali kavu hunywa maji ya lipu kabla haijashika. Mchanganyiko wake ulikuwa wa mchanga mwingi, chokaa, na saruji kidogo sana. Ukuta laini, alisema, hauvumilii kiraka kigumu kuliko wenyewe. Tabaka la kwanza aliliacha chini ya uso wa ukuta, akalikwaruza, akatandika wavu wa waya uliovuka kingo zote mbili, na la pili likafuata lilipokauka. (Dari za jipsamu, zipendwazo sasa mjini, ni kazi nyepesi: kipande hukatwa, kikakazwa kwa skrubu kwenye ubao, na maungo yakafunikwa utepe, mshonaji angeiweza.) Rangi aliikataza kwa majuma kadhaa, maana Bukoba na kando za ziwa hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta hukauka kwa kusitasita.

Siku ya kuondoka alipita chumba kwa chumba. Penye pembe ya dirisha la sebuleni aliona ufa mshazari, mwembamba kama unywele, usiohusiana na umeme hata kidogo. Hakusema neno. Alitoa penseli sikioni, akachora kijistari kwenye ncha yake, akaandika tarehe.

Mjane hukitazama kila asubuhi kabla ya chai.