Wati Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Jana taa za bweni la wasichana zilizimika saa tatu kasoro usiku, na aliyezizima ni mimi. Nilikuwa nachakata video ya mahafali kwa laptopu ya ofisi, na betri ya sola ni ileile ya taa. Matroni hakufoka. Aliuliza tu, "Mwalimu, hiyo kazi yako inakula umeme kiasi gani?" Nikakosa jibu, na kidato cha nne wana mtihani mwezi ujao.

Betri ni ya volti 12, Ah 100: wati-saa 1,200. Ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo 600 ndizo zetu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeiweka laptopu kwenye hali ya kubana umeme. Feni kimya kabisa, nikafurahi. Kipande kimoja cha video kimechukua saa 1 na dakika 50.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeazima mita ya kupimia umeme kwenye soketi. Kipande kilekile, mara tatu:

Kasi yote: wati 52, dakika 31. Wati-saa 27.
Kubana kabisa: wati 19, dakika 110. Wati-saa 35!
Kuzima kasi ya ziada tu: wati 33, dakika 41. Wati-saa 23.

Nimerudia hesabu mara mbili. Kumbe jana ule ukimya wa feni ulikuwa unawanyang'anya watoto mwanga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sasa nimeelewa. Laptopu ikiwa imekaa bure, skrini, diski na vinginevyo vinakula wati 12. Prosesa ikijikokota, hizo 12 zinaendelea kuliwa muda wote: kwa dakika 110 ni wati-saa 22, kabla prosesa yenyewe haijahesabiwa. Kwa upande wa pili, prosesa ikitaka kasi ya juu inadai volti zaidi, na matumizi hupanda kwa mraba wa volti. Punguza volti kwa asilimia 20, na kwa kasi ileile matumizi hayo yanabaki asilimia 64. Ndiyo maana ile kasi ya ziada ina gharama kubwa kuliko faida yake.

Nimekumbuka kisa cha Cambridge, Aprili 1985. Steve Furber alipopima umeme wa prosesa ya kwanza ya ARM, waliyoibuni yeye na Sophie Wilson pale kampuni ya Acorn, mita ilisoma sifuri. Nyaya za umeme wake hazikuwa zimeunganishwa. Ilikuwa inafanya kazi kwa umeme uliovuja kutoka kwenye njia za mawasiliano. Ukoo wa chipu hiyo ndio umo kwenye simu za mikononi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jua la saa saba mchana linajaza betri, kisha kidhibiti cha chaji kinalikataa lililobaki. Hapo naiachia laptopu kasi yote, maana umeme huo ungepotea. Nimepuliza vumbi kwenye feni kwanza, kwa sababu prosesa ikipata joto kali hujipunguza kasi yenyewe. Vipande vitano vimekamilika kabla ya saa kumi. Vinne vilivyobaki, kesho mchana.

Jioni nimezima laptopu, nikampa matroni jibu lake: kila kipande nikikichakata vibaya usiku, umeme unaopotea bure ni wa balbu moja ya wati 6 kwa saa mbili. Amelinukuu kwenye daftari lake.

Saa nne usiku. Taa za bweni bado zinawaka.